Kitanda Chenye Kitasa

Kwa aliyepitwa na wiki zilizopita, nimfupishie tusichelewe. Mimi ndiye yule mshereheshaji aliyefukuzwa ukumbini kwa kumwita bibi harusi kwa jina la mke wa kwanza wa bwana harusi. Mimi ndiye niliyeachwa na mume wiki ile ile. Aliondoka na redio, feni na mto wangu wa kulalia, akamsahau dada yake sebuleni.

Dada yake huyo ndiye Wifi. Hakutaka kumfuata kaka.

“Yeye kakuacha, mimi sijakuacha,” alisema, akaendelea kukaanga vitunguu.

Wifi anaijua kompyuta. Mimi najua kuwakalisha watu wasiojuana meza moja mpaka wacheke. Tukaunganisha yake na yangu, tukapata Baraza la Vyombo.

Kila Jumamosi alasiri watu thelathini na kitu huingia mtandaoni, kila mmoja akiwa kwake. Majina yao hatuyajui. Kila mtu hujiita kwa chombo cha nyumbani: Mwiko, Beseni, Pasi, Chujio. Mimi ni Kijiko, maana nikitaka watu wanyamaze hugonga kijiko kwenye glasi. Kamera haitazami uso, hutazama mikono. Na mikono lazima iwe na kazi.

Hilo la mikono nilijifunza kwa aibu. Baraza la kwanza niliwaambia watu wajitambulishe, tuongee. Wakanyamaza kama waliokuja kumwona mgonjwa mahututi. La pili nikawapa karatasi wakunje. Vidole vilipoanza kukunja, midomo ikaanza kusema, na tangu siku hiyo sijamwalika mtu kuja kuongea. Namwalika kuja kutengeneza kitu, maneno yanakuja yenyewe.

Kisha yakatokea yale ya Kifuniko, mnayakumbuka. Mwanamume mzima alimfukunyua mwenzake mtandaoni mpaka akajua anapofanya kazi, akamtokea mlangoni na maua. Nusu ya Baraza ikahama. Waliobaki niliwaapia, mkono juu mbele ya kamera, kwamba hapa hakuna kutafutana. Nikaapa pia kwamba kwenye vyumba vidogo, kule mtandaoni ambako watu hukaa wawili wawili, mimi Kijiko sitatia mguu bila kuitwa.

Kiapo hicho ndicho kilichowarudisha watu. Leo nawaeleza nilivyokivunja.

Jumamosi ile zoezi lilikuwa la vyumba. Nililipika wiki nzima. Watu wawili wanaingia chumba kidogo. Mmoja anaeleza chumba alicholala utotoni, mwenzake anachora kwa kusikia tu. Halafu wanabadilishana. Mwisho wote wanarudi barazani, wanainua michoro mbele ya kamera, na Wifi anaipanga pale kwenye kioo mpaka inakuwa nyumba moja kubwa yenye vyumba vya watu wote. Chumba kipi ni cha nani, hakuna anayesema.

Mama alikuwa pembeni na ungo wa mchele, kama kila Jumamosi. Anakaa nami tangu Baba afariki. Kompyuta huiita “hilo dirisha lenu.”

“Watu wazima na akili zenu,” alisema, “mnakaa mnachorana vitanda.”

“Si vitanda, Mama. Ni vyumba.”

“Chumba bila kitanda ni stoo.”

Wifi alicheka mpaka akabonyeza kitu kisichobonyezwa, tukampoteza Pasi kwa muda.

Nikagonga glasi. Watu wakarudi, michoro ikainuliwa. Chumba chenye dirisha lililozibwa kwa sinia. Chumba chenye pazia katikati, huku watoto, huku mbuzi. Baraza likawa na raha kama nyumba iliyopata wageni wa kweli.

Kisha Mwiko akainua wa kwake. Mwiko ni mzee, au sauti yake ni ya mzee, na vidole vyake vina wino usiotoka. Alichora chumba chembamba, dirisha linatazama jikoni. Na kitanda.

Kitanda kilikuwa mlango. Mlango mzima, umelazwa chali, umepigiliwa miguu minne, na ubavuni kitasa chake bado kipo.

Watu wakaangua kicheko.

“Sasa huyo akitaka kulala,” Beseni aliuliza, “anapiga hodi kwanza?”

Mimi sikucheka. Kijiko kilinidondoka.

Ngoja niwaeleze. Baba alikuwa mtu wa boila kiwandani, lile tangi kubwa la mvuke, na sisi tuliishi nyumba za kiwanda. Ghala la zamani lilipobomolewa alibeba mlango mgongoni, akautia miguu, akasema watoto wamepata kitanda. Kitasa kiligoma kutoka. Tulilala wawili juu yake, mimi na Dada. Anayelala ukutani alilala raha mustarehe. Anayelala nje, kitasa kilimchoma nyonga mpaka asubuhi.

Kila usiku nilijiandaa kugombania ukutani. Kila usiku Dada alinisukuma huko kabla sijafungua mdomo.

“Lala ukutani wewe,” alikuwa akisema. “Kitasa changu.”

Dunia nzima kitanda kile kilikuwa kimoja tu. Waliokilalia walikuwa wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili alikufa kwa homa nikiwa shule ya bweni, alikufa mbali, akazikwa huko huko. Niliporudi likizo nilikuta chumba kitupu. Kitanda, Mama alisema, walikipasua kuni za msiba.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameinamia ungo wake. Hakuuliza watu wanacheka nini, na Mama huwa anauliza.

Baraza lilipofungwa nilimvuta Wifi jikoni.

“Mwiko alikuwa chumba kimoja na nani?”

“Najuaje? Kompyuta inawachanganya yenyewe. Na haikumbuki. Si wewe uliyesema isikumbuke?”

“Wifi, yule mtu kaelezwa kitanda cha Dada.”

“Labda na baba wa mtu mwingine aliiba mlango.”

“Baba hakuiba!”

“Haya, aliokota.” Akaona uso wangu, akaacha utani. “Wifi yangu, dada yako si marehemu?”

“Ndiyo.”

“Basi marehemu hatumii bando.”

Alikuwa na haki. Lakini moyo ukishaona njia hauulizi kama ni ya haki. Jioni ile nilimwandikia Mwiko meseji ya pembeni.

“Mwiko, samahani. Aliyekueleza chumba kile ni nani?”

Alijibu nikiwa nimekata tamaa. “Kijiko, mimi naingia humo kwa sababu ya kiapo chako. Nami kuna watu ninaowakimbia. Ukimpata wa leo kupitia kwangu, kesho wa kwangu watanipata kupitia kwako.”

“Ni dada yangu.”

“Yule wa maua naye alisema ni mchumba wake.”

 Nikajaribu mara ya mwisho. “Niambie tu, ni mwanamke?”

Hakujibu tena.

Wasomaji wangu, mwenye akili angeishia hapo. Angemwomba Mungu, angelala. Mimi nilikaa na kalamu nikatunga zoezi jipya.

Nilitunga hivi: Jumamosi ijayo kila mtu akunje kwa karatasi kitanda alicholalia utotoni, mbele ya kamera. Vitanda vyote tuvipange viwe bweni moja. Tulilaze humo Baraza zima, tuzime taa, tuambiane usiku mwema kama watoto. Nililipamba mpaka mwenyewe nikataka kulia.

Nikamsomea Wifi.

“Zuri,” alisema. “La nani?”

“La nani nini? La wote.”

“Wifi. La nani?”

Nikajifanya natafuta kibiriti.

Ukweli ni huu. Kazi hii ina adabu yake, na adabu yenyewe ni kwamba anayetunga mchezo hatakiwi kujua utaishia wapi. Unawapa watu karatasi na nafasi, unangoja wakushangaze. Huu nilijua utakapoishia. Nilitaka watu thelathini wakunje vitanda ili nione kimoja. Ulikuwa mtego, nami nikaufunika kwa maua.

Wazee walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Jumamosi ikafika. Mikono ikajaa kwenye kioo, ya wembamba na ya wanene, yenye pete na yenye sugu. Nikaeleza zoezi kwa sauti yangu ya harusi. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Wifi akawagawa wawili wawili, wakaenda vyumbani, kioo kikabaki kitupu.

“Nifungulie,” nilimwambia Wifi.

“Nikufungulie nini?”

“Vyumba. Niingie.”

Aliondoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba imemwunguza. “Bonyeza mwenyewe. Mimi mkono wangu haumo.”

Nyuma yetu ungo ukaacha kupepeta. Sikugeuka.

Nilibonyeza. Nilifuta jina langu, nikafunga kamera, nikaingia chumba cha kwanza kama mwizi anayeingia kwa dirisha la choo.

Pasi na Ndoo walikuwa humo. Pasi anakunja kitanda cha juu na chini. “Mwanangu hajaongea nami tangu azikwe baba yake,” alikuwa akisema. “Namwona sokoni, anavuka barabara.” Ndoo alikuwa anasema pole, pole, huku ananyoosha karatasi.

Hayakuwa maneno yangu. Nikatoka nayo hivyo hivyo, yamenishika kama moshi kwenye nguo.

Chumba cha pili kilikuwa cha Mwiko na Beseni. Beseni, mcheshi wetu, yule wa kupiga hodi, alikuwa analia. Mikono yake mikubwa ilikunja na kukunjua karatasi ile ile.

“Sikuwa na kitanda,” alikuwa akimwambia Mwiko. “Ndiyo maana nacheka vya wenzangu.”

 Kidole cha Mwiko chenye wino kikainuka kuelekea kamera.

“Kuna boksi la tatu humu. Nani huyo?”

Nikatoka mbio.  Ningeishia hapo, ningekuwa nimeiba kidogo tu. Lakini vyumba vilikuwa vimebaki, na mimi nilikuwa nimeshalowa.

Sitawasimulia vingine. Nawahurumia waliokuwamo.

Chumba kilichonipata kilikuwa cha Chujio na Kandili. Kandili ni mtu wa maneno machache, alikuwa anahangaika na mguu wa kitanda chake. Chujio alikuwa amemaliza chake. Karatasi bapa, miguu minne. Vidole vyake vilikuwa vinakunja kiwaya kidogo, kile cha kubania karatasi, vikikichomeka ubavuni.

Kitasa.

Niliitazama ile mikono nikaitafuta ya Dada. Haikuwa yake. Ilikuwa mikono ya msichana, kucha zina rangi ya zambarau iliyobanduka. Dada angekuwa na nywele zenye mvi sasa.

Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaupa ruhusa.

“Lala ukutani wewe.”

Vidole vikasimama. Na sauti changa ikajibu, bila kufikiri, kama mtu anavyojibu salamu.

“Kitasa changu.”

 Kandili akaacha mguu wa kitanda.

“Nani huyo?” Chujio aliuliza.

“Maneno hayo umeyatoa wapi?”

“Mama husema hivyo tukilala. Wewe nani?”

Husema! Nilishika meza. Mtu aliyezikwa hasemi kitu kila siku mtu akilala.

“Mama yako ni nani, mwanangu? Niambie jina lake. Yuko wapi?”

“Kijiko? Ni wewe?” Vidole vikaachia kiwaya. “Bibi alisema huulizi! Alisema umeapa huulizi mtu!”

“Bibi? Bibi gani?”

Boksi likazimika. Kitanda cha karatasi kikaenda nalo.

Sikupata hata nafasi ya kupumua. Muda ulikuwa umeisha, Wifi akagonga glasi kwa niaba yangu, watu wakaanza kurudi barazani na vitanda vyao viganjani. Wengine walikuwa bado wanacheka. Nilifungua kamera, nikaweka mikono yangu mezani. Haikuwa na kazi, na kila mtu aliona.

“Kijiko,” Mwiko alisema. “Uliingia chumbani kwetu?”

Ningeweza kuisingizia kompyuta. Kompyuta haina mdomo wa kujitetea. Wifi alinitazama kuona nitachagua nini.

“Niliingia,” nilisema. “Chenu na vingine. Nilikuwa namtafuta dada yangu.”

“Nilikuambia,” alisema Mwiko. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Boksi lake likazimika la kwanza.

“Ulinisikia?” Pasi aliuliza. “Yale ya mwanangu, uliyasikia?”

“Nisamehe.”

Pasi akazima. Ndoo akazima. Vitanda vya karatasi vikawa vinatoweka kimoja kimoja, na bweni langu zuri likabaki mashimo.

Beseni alibaki kidogo. Nilingoja utani wake, hata wa kunitukana.

“Nilidhani nalia mbele ya mtu mmoja,” alisema.

Akaondoka naye.

Kioo kikawa cheusi. Mle ndani nikauona uso wangu, uso ambao Baraza halijawahi kuuona, na wala haukustahili kuonwa.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, ungo chini, mchele umemwagika sakafuni. Hakuwa anauzoa.

“Mama. Bibi gani?”

“Umemtisha mtoto,” alisema.

Nililisikia lile neno likizama. Mtoto. Hakuuliza mtoto yupi.

“Ni wewe uliyemwingiza humu? Wewe usiyejua hata kuiwasha?”

Mama alimtazama Wifi. Wifi akashika kinywa.

“Wifi,” nilisema, “nani kamfundisha Mama kutuma linki?”

“Aliniambia ni ya rafiki yake wa hospitali!” Wifi alilia. “Alisema rafiki yake mpweke, anataka kujifunza kukunja karatasi! Mama, ulinidanganya mimi?”

“Nilikudanganya,” alisema Mama. “Nisamehe, binti yangu. Nimedanganya wengi.”

Kisha akanigeukia.

“Nilitaka akujue. Asikie unavyocheka, unavyowapanga watu wakapangika. Na wewe uzoee sauti yake. Nilikuwa nimeapa sitawakutanisha, nimezunguka na kiapo hicho miaka na miaka. Halafu mwanangu ukajenga mahali ambapo watu wanakaa pamoja bila majina, bila nyuso, bila kutafutana. Nikasema, Mungu kanionyesha. Hapo watakutana, na mimi sitakuwa nimevunja neno.”

“Kila Jumamosi? Ulikuwa unakaa hapo unatusikiliza?”

“Mchele wenyewe hauna mawe,” alisema Mama. “Nachambua mchele safi tangu mwanzo.”

Nilimchukia. Sitawaficha, maana nimekuja kusema yote. Nilimchukia mama yangu pale alipo na kanga yake mabegani, na ndani ya chuki hiyo hiyo nikataka kumkumbatia. 

“Dada yu hai?”

“Yu hai.”

“Mliniambia amekufa. Nililia mwaka mzima kwenye bweni la watu. Nilivaa nyeusi!”

“Baba yako alimzika kwa mdomo,” alisema. “Mimi nikashika jembe.”

“Alifanya nini Dada? Alimfanyia Baba nini?”

“Boila ilipopasuka, wakubwa wa kiwanda walimwita aseme alichokiona. Akasema. Lawama ikamwangukia baba yako, akafukuzwa kazi, na baadaye sisi tukatolewa kwenye nyumba. Baba yako akasema, binti huyo amekufa, atakayemtaja na amfuate. Siku anakata roho alinishika mkono nikaapa tena.”

“Na kitanda? Ulisema mlikipasua kuni.”

Mama alijifuta uso kwa pindo la kanga. “Nilikificha, nikampelekea alipojifungua. Alikipokea kitanda, mimi akanifungia mlango. Tangu siku ile haongei nami. Naongea na mjukuu, kwa kujificha, mama yake akiwa kazini.”

“Kwa nini akufungie wewe? Aliyemfukuza ni Baba.”

 Mama aliinama akaanza kuokota mchele punje moja moja. Hapo nikajua kwamba yote niliyoambiwa mpaka sasa yalikuwa nusu, na nusu nyingine alikuwa ameikalia.

Nikafikiria yule msichana. Nilikuwa naye kila Jumamosi. Ndiye aliyekunja ndege yule mwenye shingo ndefu tukampigia makofi. Ndiye aliyeniuliza siku moja kama Kijiko ana watoto, nikamtania kwamba nina uma wawili. Mtoto wa Dada! Alikuwa mkononi mwangu akiwa huru, nikamkamata, akaponyoka. Na Baraza nalo limeenda, hata mahali pa kumngojea hapapo tena.

Nililia kwa sauti. Wifi alikuja akanishika kichwa akakiegemeza tumboni kwake, hakusema neno. Kwa Wifi, kunyamaza ni kazi nzito kuliko kubeba maji.

Ni yeye aliyekuwa ametazama kioo.

“Wifi,” alisema. “Nyamaza kidogo. Kuna mtu anaomba kuingia.”

Pembeni ya kioo kilichokufa kulikuwa na neno moja, linawaka na kuzimika. Chujio.

“Mfungulie,” nilisema. Safari hii Wifi alibonyeza mwenyewe.

Boksi likafunguka. Kwanza tuliona sakafu, kisha ukuta, kisha sakafu tena. Mtu alikuwa anatembea na simu. Tukasikia anahema. Kisha kamera ikatulia juu ya kitu, na kitu hicho kilijaza kioo chote.

Ulikuwa mlango. Umelazwa chali kwenye miguu minne, mbao zimekuwa nyeusi kwa uzee. Nilizijua zile mbao kwa mgongo wangu. Ubavuni kilikuwa kitasa, kimesuguliwa na nyonga za watu mpaka kinang'aa.

Juu yake alilala mwanamke, ametupa mgongo. Mkono mmoja aliurudisha nyuma ukakishika kitasa. Alilala ukingoni kabisa, karibu kuanguka, na upande wa ukutani ulikuwa mtupu.

“Mama mdogo,” alisema msichana.

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. 

“Mama mdogo, unanisikia? Nimemwambia yote. Nilidhani atanipiga. Ameuliza tu, bado anaongea haraka haraka? Nikasema ndiyo. Akaja kulala hapa.”

“Namwona,” nilisema. “Mwambie namwona. Dada! Dada, ni mimi!”

Mgongo ulitikisika kidogo, haukugeuka. Msichana aliinama akamsikiliza. Kisha akarudi kwenye simu, na sasa alikuwa ananong'ona.

“Anasema ataongea nawe. Atakueleza ya boila. Lakini anasema bibi atoke kwanza humo chumbani. Bibi akiwepo, haongei.”

Mkono wa Mama ulikuwa begani kwangu. Sijui aliuweka saa ngapi. Nikausikia ukiwa mzito.

“Toka, Mama,” nilisema.

“Mwanangu.”

“Nakuomba utoke. Nimemngoja miaka yote bila kujua kwamba namngoja. Toka.”

Mama hakutoka. Alinisogeza kwa kiuno chake, kama alivyokuwa akinisogeza jikoni nikimzibia njia, akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta. Kisha, yeye asiyejua hata kuiwasha, akaishika kamera, akaiinua kutoka mikononi mpaka usoni kwake. Ulikuwa uso wa kwanza kuonekana katika Baraza la Vyombo tangu lianze.

“Mjukuu wangu,” alisema, “mwambie mama yako alale hivyo hivyo, asigeuke, nisije nikashindwa. La boila nitalisema mimi. Siku ile haikuwa zamu ya baba yake. Alimshikia zamu mtu mwingine, na mtu huyo nilimjua nikamficha.”

Kitandani, mkono ukaachia kitasa. Dada akageuka.